Umeme ukishuka, ampea za jagi nazo hushuka: joto la plagi lina sababu nyingine

"Shikamoo mwalimu. Nauza chai na maandazi kibarazani kwangu, Mkuranga. Maji nachemsha kwa jagi la umeme la lita 1.5, kama mara kumi na mbili kwa siku. Limeandikwa volti 220–240, wati 1850–2200. Nalichomeka kwenye ekstensheni ya matundu manne, waya wake mita tano, umeandikwa 3 × 0.75. Wiki ya pili sasa plagi ya ekstensheni, ile inayoingia ukutani, inapata moto mpaka haishikiki, na soketi imeanza kuwa kahawia. Fundi wa mtaani anasema ni umeme mdogo: volti zikishuka, ampea zinapanda ili kufidia. Kanishauri ninunue stabilaiza. Mwanangu wa kidato cha pili kagawanya wati 2200 kwa volti 190 akapata ampea 11.6, akasema fundi yuko sahihi. Tuliazima mita. Jagi likiwa limechomolewa lilisoma omu 26.5. Jioni, tundu la pili la soketi ya ukutani lilisoma volti 204 jagi likiwa limezimwa na 198 likichemsha. Tundu la pembeni la ekstensheni lilisoma 190 likichemsha. Kwa mita ya kubana, mwanangu alibana waya wa ekstensheni akapata sifuri. Ampea ni ngapi hasa? Ninunue stabilaiza? Na mbona uniti za LUKU zinakimbia?"

Marahaba, dada yangu. Kabla sijaandika hesabu yoyote: chomoa hiyo ekstensheni leo hii, na soketi hiyo usiiguse tena mpaka ifunguliwe. Chai ya kesho ichemshie mkaa au gesi. Plagi isiyoshikika kwa mkono si ya kuangaliwa wiki nyingine moja tuone itakuwaje. Ukishaichomoa, kaa na kijana wako msome yanayofuata pamoja, maana vipimo alivyochukua ni vizuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Majibu ya maswali yako karibu yote yamo humo humo.

Wasiwasi wako, kama nimeuelewa, ni huu: kitu kinachochoma plagi ni ampea nyingi, na ampea zimekuwa nyingi kwa sababu volti zimepungua. Nusu ya kwanza ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili, kwa jagi, si kweli.

Kugawanya alikofanya kijana hakuna kosa. Kosa liko kwenye ile 2200 aliyoigawanya. Wati 2200 ni kazi ambayo jagi hufanya likipewa volti 240, basi. Likipewa volti 190 haliwezi kuwa na wati 2200, kwa hiyo huwezi kuchukua wati za volti 240 ukazigawanya kwa volti 190. Ni sawa na kuchukua mauzo ya sikukuu ukayagawanya kwa wateja wa Jumatatu.

Kitu ambacho ni cha jagi lenyewe, linalokaa nacho kabatini hata likiwa halijachomekwa, ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ndani ya kitako chake kuna waya wa aloi ya nikeli na kromu uliofungwa ndani ya bomba la chuma, na waya huo unaupinga mkondo kwa kiasi ambacho karibu hakibadiliki. Volti zinaletwa na TANESCO. Ampea ni matokeo ya hivyo viwili: volti gawanya kwa omu. Wati ni matokeo ya mwisho: volti zidisha kwa ampea. Ukifuata mpangilio huo, ukinzani kwanza, halafu ampea, halafu wati, hutapotea. Wanaopotea wengi huanzia kwenye wati.

Na hapa kuna jambo zuri ambalo napenda kijana alifanye kwa mkono wake. Chukua namba za kibandiko cha jagi. Ukiunganisha hesabu hizo mbili, volti zidisha kwa volti, gawanya kwa wati, hutoa omu. Volti 240 zidisha kwa 240 ni 57,600. Gawanya kwa wati 2200, unapata omu 26.2. Sasa chukua zile nyingine: 220 zidisha kwa 220 ni 48,400, gawanya kwa 1850, unapata tena omu 26.2. Kumbe kile kibandiko chenye namba nne kinasema kitu kimoja tu: hili ni jagi la omu 26.2. Mita yenu ilisoma 26.5, na hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani wa sehemu ndogo ya omu. Siku nyingine agusanishe kwanza ncha mbili za mita, asome, kisha atoe alichosoma.

Kwa hiyo ampea zako za jioni ni 190 gawanya kwa 26.2, yaani 7.25. Si 11.6. Umeme ukirudi kuwa volti 230 kamili, jagi lilelile litavuta ampea 8.8. Umeme ukipungua linavuta kidogo zaidi, halifidii kitu. Simtanki ukiliteremsha kutoka mnara wa mita tatu hadi mita moja, bomba halijui kwamba unataka ndoo ijae kwa muda uleule. Maji yanatoka taratibu, nawe unasubiri.

Nawe unasubiri kweli. Wati zako za jioni ni 190 zidisha kwa 7.25, kama 1,380. Kwa volti 230 zingekuwa kama 2,020. Volti zimepungua kama asilimia 17, lakini wati zimepungua kama asilimia 32, kwa sababu volti zikishuka huburuta na ampea. Kupandisha lita 1.5 kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji jouli kama 471,000, na wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Kwa umeme kamili hiyo ni chini kidogo ya dakika nne. Kwa umeme wako wa jioni ni dakika tano na sekunde arobaini na kitu. Kama mara zote kumi na mbili umeme uko hivyo, unapoteza kama dakika ishirini na mbili kwa siku ukilitazama jagi.

Fundi wako sitaki umwone mjinga. Alichosema amekiona kwa macho yake, ila alikiona kwenye vitu vingine. Friji ina mota, na mota inapambana na mzigo. Volti zikishuka mno hulazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili iendelee kuzunguka, na ikishindwa kuanza hunguruma tu huku ikipata moto hadi kuungua. Televisheni na chaja za simu za siku hizi nazo hujirekebisha ndani ili zipate wati zilezile, kwa hiyo umeme ukipungua huongeza ampea. Kwa vitu hivyo hesabu ya kijana ingekaribia ukweli. Jagi, pasi, jiko la koili na hita ya kuogea havina akili hiyo. Ni waya unaopata moto, hakuna zaidi.

Nimwonye kijana pia kuhusu balbu za zamani za uzi. Akipima balbu ya wati 60 ikiwa baridi atapata omu chache sana, pengine sehemu ya kumi ya zile anazozipata kwa hesabu ya kibandiko, ambazo ni kama 880. Hajakosea kupima. Uzi wa balbu ukiwaka unafika nyuzijoto zaidi ya 2,000 na ukinzani wake unapanda mara nyingi. Waya wa jagi hauna tabia hiyo, ndiyo maana kipimo cha baridi tunaweza kukiamini. Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani aliyechapisha kanuni hii ya volti, ampea na omu mwaka 1827, alipima nyaya zisizopata moto mwingi. Kanuni inakaa vizuri pale ambapo ukinzani umetulia.

Sifuri ya mita ya kubana nayo si ubovu wa mita. Mita hiyo inahisi usumaku unaozunguka waya wenye mkondo. Ndani ya waya wa ekstensheni kuna laivu inayopeleka na nyutro inayorudisha, ampea zilezile kwa mielekeo inayopingana, kwa hiyo usumaku wa moja unafuta wa mwingine. Lazima ibane waya mmoja peke yake, na kuutoa waya mmoja peke yake ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umezimwa kwanza. Msichune waya wa ekstensheni nyumbani kwa ajili hiyo. Ampea tumeshazipata bila kuugusa.

Sasa tuje kwenye plagi, ambako ndiko hatari iliko.

Ukutani kulikuwa na volti 198. Kwenye ekstensheni kulifika 190. Volti 8 zimepotelea njiani, na volti hazipotei bure: popote zinapopungua, ampea zikiwa zinapita, pana joto. Nane zidisha kwa 7.25 ni wati 58. Na ukinzani wa njia hiyo ni nane gawanya kwa 7.25, yaani omu 1.1.

Je, omu hizo ni za waya? Tuupigie hesabu. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina omu kama 0.0172 kwa kila mita. Waya wako ni mita tano kwenda na tano kurudi, kumi, na unene wake ni 0.75. Inakuja omu 0.23. Basi waya, kama ni shaba kweli na kama namba iliyoandikwa ni ya kweli, unakula wati 12 tu, tena zimetawanyika mita tano. Ukiupapasa utahisi vuguvugu, na pengine usihisi chochote. Zinabaki omu 0.87. Hizo ni za migusano: meno ya plagi ndani ya vishikio vya soketi, skrubu zinazobana nyaya ndani ya plagi, na vishikio vya fyuzi kama plagi yako ni ile ya meno matatu bapa. Omu 0.87 kwa ampea 7.25 ni wati 46.

Nataka uzione hizo wati 46. Chuma cha kuchomelea risasi ambacho mafundi redio wanatumia ni cha wati 40 hivi, na kinayeyusha risasi. Wewe una kitu chenye nguvu kama hiyo kimefichwa ndani ya plastiki ya plagi, kwa dakika karibu sita, mara kumi na mbili kwa siku.

Ampea ni zilezile 7.25 kuanzia mita ya LUKU, kupitia ukutani, kwenye waya, ndani ya jagi, na kurudi. Joto halilingani njia nzima kwa sababu ukinzani haulingani. James Prescott Joule alilionyesha hilo mapema miaka ya 1840: joto ni ampea kwa kipeo cha pili zidisha kwa ukinzani wa mahali husika. Jagini kuna omu 26 na maji ya kulipokea joto. Plagini kuna chini ya omu moja, lakini hakuna maji, hakuna upepo, na sehemu inayogusana ni ndogo kama punje ya mtama.

Tena mgusano mbaya haukai ulivyo. Nimefungua soketi nyingi za namna yako na ndani huwa zinafanana. Kishikio cha shaba nyeupe kimepoteza mng'ao na kuwa cha rangi ya chai kavu. Ukikibinya kwa kidole hakirudi, kimelegea, kwa sababu chuma cha springi kikipashwa moto mara kwa mara hupoteza ule mkazo wake. Plastiki ya waya karibu na skrubu imekuwa ngumu, ukiikunja inapasuka kama ganda la karanga. Joto linalegeza kishikio na kuleta kutu nyeusi. Kishikio kilicholegea chenye kutu kina ukinzani zaidi. Ukinzani zaidi unaleta joto zaidi. Wiki ya kwanza ilikuwa vuguvugu, wiki ya pili haishikiki. Ya tatu sitaki uifikie.

Na usitegemee fyuzi wala breka zikuokoe. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na breka ya soketi huwa kubwa kuliko hiyo. Zote mbili zinahesabu ampea, nazo ampea zako ni 7.25, zimetulia. Hazina njia ya kujua kwamba jino moja la plagi linaungua. Ndiyo maana nyumba inaweza kushika moto kuanzia kwenye soketi huku breka ikiwa imewaka vilevile.

Baada ya hapo stabilaiza inajijibu yenyewe. Stabilaiza haitengenezi umeme. Ili impe jagi volti 230 na wati zake 2,020, italazimika kuvuta wati hizo kutoka kwenye volti zako 198, yaani ampea 10.2 au zaidi, badala ya 7.25. Joto linakwenda kwa kipeo cha pili, kwa hiyo mgusano uleule ungepokea karibu mara mbili, wati 90 na kitu. Hapo ndipo maneno ya fundi yangekuwa kweli, na yangekuwa kweli kwa sababu ya kifaa alichokushauri ununue. Kwa friji sikatai, inaweza kuhitaji ulinzi wa umeme mdogo. Kwa jagi, hifadhi pesa yako.

Pesa hiyo ipeleke hapa. Soketi ya ukutani ibadilishwe, isisafishwe kwa msasa, kwa sababu springi iliyolegea haifufuliwi kwa msasa. Fundi akifungua akute nyaya za nyuma zimekakamaa, azikate mpaka afikie shaba inayong'aa ndipo akaze. Hilo ni muhimu kwako, kwa sababu kuna volti nyingine 6, kutoka 204 hadi 198, zinazopotea kabla hata ya kufika kwenye ekstensheni. Sehemu yake ni ya nguzo na waya mrefu unaokuja kwako, lakini sehemu inaweza kuwa skrubu za nyuma ya soketi hiyohiyo. Ekstensheni ya sasa itupe, plagi yake imeshakufa. Ukiweza, omba fundi akuwekee soketi kibarazani, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, mahali mvua isipofika, jagi liingie moja kwa moja. Ni gharama zaidi siku ya kwanza, nami ningeichagua hiyo kama ningekuwa wewe, kwa sababu biashara yako inapita kwenye soketi hiyo kila siku. Kama hela haijatosha, nunua ekstensheni ya waya wa 1.5, yenye plagi nzito, na isiwe na kitu kingine zaidi ya jagi.

Kuhusu LUKU: umeme mdogo haukimbizi uniti za jagi. Maji yanataka joto lilelile liwe la haraka au la taratibu. Kuchemsha lita 1.5 ni uniti 0.13, na mara kumi na mbili ni uniti moja na nusu na ushee. Joto linalopotea kwenye ekstensheni ni kama uniti 2 kwa mwezi, si za kuumiza. Kama uniti zinakimbia kuliko hapo, itazame friji kwanza, kisha uache kuchemsha upya maji ambayo yangekaa moto kwenye chupa ya chai.

Mwambie kijana nimempongeza kwa moyo, nina maana hiyo. Lakini ana mambo mawili ya kuniahidi. Kwanza, asipime omu kwenye kitu kilichochomekwa. Pili, na hili ndilo linalonitisha zaidi, asichomeke kamwe nyaya za mita kwenye soketi zikiwa kwenye tundu la ampea la mita. Hapo mita huwa kama kipande cha waya kati ya laivu na nyutro, na inaweza kulipuka mkononi. Kupima volti ndani ya soketi yenye umeme afanye akiwa na mtu mzima, nyaya za mita zikiwa hazijachubuka, viatu mguuni na sakafu kavu.

Kufungua soketi si kazi yenu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azime meni swichi kabla ya kushika bisibisi. Usisubiri miadi, zima meni swichi wewe mwenyewe na uite mtu, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au ya samaki pasipo na samaki, ukisikia soketi inachacharika, ukiona cheche, au jagi likikupa shoti hata ndogo. Na kama soketi mpya imewekwa na bado ukutani unasoma karibu volti 204 hakuna kitu kilichowashwa, hiyo ni kama asilimia 11 chini ya 230, nayo iko upande wa TANESCO, kabla ya mita yako. Andika saa na volti kwa siku kadhaa, uwapelekee hizo namba. Malalamiko yenye namba hufanyiwa kazi mapema kuliko "umeme wetu ni mdogo".

Kazi ikiisha, kijana arudie kipimo kimoja: jagi likichemsha, volti za ukutani toa volti za ekstensheni mpya. Kwa waya wa 1.5 wa mita tano inatakiwa ipotee volti moja hivi, mbili kwa wingi. Ikisoma nne, waya huo si wa 1.5 au plagi haikazwi vizuri. Irudishe dukani siku hiyohiyo.